Msumeno Mzito Uwekewe Magurudumu



Seremala mwenye karakana ndogo nyumbani hupata taabu ya nafasi. Msumeno wa meza wa chuma cha kusubu waweza kuwa na uzito wa kilo 240. Ukikaa katikati hauna budi kuzuia njia, na ukisukumwa ukutani hakuna pa kupitishia ubao mrefu.

Dawa yake ni fremu ya chuma cha pembe, iliyofungwa kwa bolti, yenye magurudumu manne: mawili yasiyogeuka na mawili yenye kugeuka kila upande. Hapa wengi hukosea hesabu. Hugawanya kilo 240 kwa nne, wakanunua magurudumu ya kubeba kilo 60 kila moja. Lakini sakafu ya nyumbani ni nadra kuwa sawasawa, na mara nyingi mzigo huchukuliwa na matatu tu. Basi kila moja liweze kubeba kilo 80 au zaidi. Bei yake itazidi kidogo, lakini haifikii ya kutibiwa mguu.

Jambo kubwa ni kusimama imara. Mtambo ukisogea wakati wa kukata, ubao waweza kubanwa na meno, ukarushwa nyuma kwa nguvu na kumpiga fundi tumboni. Breki za magurudumu zisitegemewe peke yake. Afadhali magurudumu yainuliwe kwa wenzo, fremu ikae juu ya miguu yake yenyewe. Tena, kabla ya kuusukuma, waya wa stima uchomolewe.