Hati, Mswada na Mto: Mhadhara juu ya Kidagaa Kimemwozea



Nilipoombwa nizungumze juu ya riwaya za vijana zinazosawiri dola ya dhuluma, yaani nchi ya kubuni ambamo raia amenyang'anywa hata haki ya kuuliza, huenda wenyeji wangu walitaraji nianze na George Orwell wa mwaka 1949, au na Suzanne Collins, ambaye watoto wake wauanao mbele ya kamera mmekwisha kuwaona katika filamu. Hao nawapa taadhima yao na kuwapita, kwa sababu Kiswahili nacho kina hazina: Fortunatus Kawegere alitutafsiria Shamba la Wanyama mwaka 1967, Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, akamrusha Dzombo wake angani katika Walenisi mwaka 1995, na Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, ambaye katika Siku Njema alimsafirisha Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale yetu hii kumtafuta baba, alituachia mwaka 2012, miaka minane kabla ya kufariki kwake, nchi iitwayo Tomoko katika Kidagaa Kimemwozea.

Watawala wa riwaya za kigeni aghalabu hutawala kwa mitambo, wakiwachungulia raia hata vyumbani mwao. Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko katika Tomoko hiyo, hana mitambo, ana karatasi. Mashamba aliyoyahodhi ameyapata kwa hati za kughushi, na waliodhulumiwa wanaishia kuwa watumwa wa ardhi iliyokuwa yao, hata Amani, kijana aliyefika chuo kikuu, anamchungia ng'ombe. Nduguye Mtemi, Mwalimu Majisifu, ni mwizi wa karatasi ya namna nyingine: ameunyakua mswada wa Amani, akauchapisha kwa jina lake mwenyewe, akapata jaha na mialiko, hata ule wa kwenda kuhadhiri chuoni Wangwani kwa sifa ya kitabu asichokitunga. (Mimi nisimamaye mbele yenu kwa kazi iyo hiyo, siwezi kumsoma bwana huyu nikatulia kitini.) Wahakiki wengi huigawa dhambi ya ndugu hawa mafungu mawili, ufisadi wa siasa huku na ulevi wa sifa kule, lakini kwa rai yangu ni dhambi moja, kwani kila mmoja ameiba jasho la mtu kwa kubadilisha jina lililoandikwa juu yake, na pasipokuwa na wa kuuliza, jina lililoandikwa ndilo linaloshinda.

Ni nani angeielewa ishara hiyo upesi kuliko mtoto wa Trans Nzoia yetu hii? Ardhi hii ilitengwa kwa walowezi wa kizungu, waliowageuza wenyeji vibarua wa mashamba ya mahindi. Na uhuru ulipokuja mwaka 1963, wako waliopata hati na wako waliosalia maskwota kando ya ua, hata Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004 ikathibitisha kwamba ardhi ya umma nchini Kenya ilikuwa imegawiwa kinyume cha sheria kwa miaka mingi, na waliogawiwa wakapewa hati zenye mihuri. Tomoko haikuhitaji kubuniwa sana.

Ishara mbili nyingine mtazikumbuka. Kitoto kichanga kilichotupwa mlangoni pa Amani, ambacho Mtemi alikizaa na msichana mdogo akakikana, kinapewa jina la Uhuru, kisha kinakufa hospitalini kwa kupuuzwa. Nakiri kuwa hapa Walibora ameipaza ishara kupita kiasi, maana jina limekwisha kusema kabla msiba haujasema. Mto Kiberenge ni stadi zaidi. Maji yake yamo machoni pa kila mtu, lakini watu wa Sokomoko hawayanywi kwa ajili ya mwiko waliorithishwa, mpaka Amani na msichana Imani, wawili wasio na kitu cha kupoteza, wanapoinama wakanywa, wala hawadhuriki. Hapana askari mtoni, hapana sheria wala faini. Na hilo ndilo linalonitisha, kwamba katika dola ya dhuluma raia hujilinda mwenyewe kwa niaba ya mtawala.

Hata hivyo sikubaliani na mwandishi katika jambo moja. Anamtegemea mno Madhubuti, mwana wa Mtemi, anayekataa kuishi kwa mali ya haramu ya babaye, kana kwamba haki ya maskini haina budi kupitia dhamiri ya mtoto wa tajiri. Dhamiri namna hiyo zipo, nami naziheshimu, lakini ni chache, tena hazirithishwi pamoja na shamba. Kijana wa Tuwan, hapa Kitale, asomaye kitabu hiki ana haki ya kuuliza ingekuwaje Madhubuti angeyapenda mashamba yale, na nani basi angezifichua hati zile za kughushi. Walibora hakutujibu. Mwenye jibu, au mwenye swali jingine, namkaribisha hapa mbele.