Tuziuzeje Picha za Nyumbani?

Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama, siku ya harambee



Mwenyekiti ametupa dakika ishirini, na ametuonya kwamba mhasibu akishika kipaza sauti husoma mizania hadi chakula kinapoa. Mizania mmegawiwa mlangoni, mtaisoma wenyewe. Sisi tumeomba kuzungumzia picha zilizotundikwa kwenye ukuta huu wa kushoto, zile ambazo wengi wenu mmezipita mkienda kwenye soda.

Picha hizo zimetoka kwenu. Tuliomba kila mwenye picha ya nyumbani, ya zamani au ya jana, atuletee au atutumie kwa simu, na leo tunataka kukubaliana namna ya kuziuza ili bweni la wasichana lipate paa. Lakini kabla ya kuuza kitu, mhasibu huuliza kwanza: mali ni ya nani?

Kwetu swali hilo lina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 alipita daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, akiwa na kamera. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, na mwaka 1906 kikatoka Berlin kitabu chake kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma, pamoja na atlasi ya picha. Kuna nyumba zetu za mianzi humo, kuna migomba, kuna ziwa. Na kuna babu zetu waliosimamishwa wakitazama mbele, kisha wakageuzwa ubavu, kama ng'ombe wa mnadani. Chini ya picha nyingi limeandikwa kabila tu. Mtu alikuwa na jina, alikuwa na baba, pengine alikuwa na kijiji kizima nyuma yake, lakini kitabu kinasema "Mkonde" na kufungua ukurasa mwingine.

Wamisionari nao walipiga. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, baadaye wakajenga Ipyana, hapo hapo kwetu. Wenzao wa Berlin wakakaa upande wa ziwa, Ikombe na Matema. Picha za Wamoravian zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na nyingi zinaonekana leo kwenye intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Kijana mwenye simu aliyekaa chini ya mwembe Ipinda anaweza kumtazama bibi wa bibi yake, mradi awe na bando. Hilo ni jambo jema na hatulibezi. Ila tuseme ukweli kwamba huyo bibi alisafiri mbali sana kuliko wajukuu zake, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Kisha wakaja Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938. Kitabu cha Monica kuhusu vijiji vyetu vya rika, Good Company, kilitoka mwaka 1951, mumewe akiwa ameshafariki. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Tofauti yao na Fülleborn ni kwamba waliishi na watu na waliandika majina. Ndiyo maana tunajua kwamba karani na mkalimani wao aliitwa Leonard Mwaisumo. Tunajua kwa sababu liliandikwa, basi. Wino wa maneno mawili umemwokoa mtu asiwe "mwenyeji mmoja".

Tunayasema haya kwa sababu katika picha mlizotuletea, tumehesabu na kukuta zilizo nyingi hazina jina nyuma. Safari hii hatuwezi kumlaumu Mjerumani.

Sasa turudi ukutani. Hatutazieleza zote, ziko nyingi, lakini zipo ambazo kamati nzima ilinyamaza ilipoziona. Kuna ile ya Lyulilo siku ya mnada, vyungu vya Wakisi vimepangwa ufukweni kama mayai, na Milima ya Livingstone imesimama nyuma yake bluu kabisa. Akina mama wa Ikombe hufinyanga vyungu vile kwa mkono, huvipaka udongo wa rangi, huvichoma na kuvileta kwa mitumbwi. Mpiga picha amefanya jambo dogo la busara: hakuwapiga akina mama, amepiga mikono yao tu, miwili ikimkabidhi mwingine chungu kutoka mtumbwini. Unaona jinsi kidole gumba kinavyoshika ukingo. Aliyewahi kubeba chungu cha Kikisi atajua kwamba picha hii haikupigwa na mgeni.

Kuna ya kungu. Wale mliozaliwa mjini mtadhani ni moshi, kwamba meli inaungua katikati ya ziwa. Ni wadudu, mamilioni kwa mamilioni, wanaopanda kutoka majini kama nguzo. Upepo ukiwaleta pwani, fungeni midomo, au tafuteni kikapu, maana wanaliwa.

Ya MV Songea ikiwa Itungi imezua ubishi mkubwa. Mzee mmoja anasema hiyo ndiyo safari aliyoondokea kwenda Mbamba Bay kikazi, mwingine anasema sivyo, mwaka huo meli ilikuwa gati. Waendelee kubishana, mradi kila mmoja anunue nakala yake.

Kuna kakao imeanikwa juu ya mkeka, na kuku anaitazama. Hii tunaipenda bila sababu ya maana.

Na kuna zile za studio. Hapa tuombe mtuvumilie kidogo. Wengi wenu mnakumbuka studio za Kyela mjini: pazia lenye maua au ndege iliyochorwa, kiti kimoja, saa ya mkononi ya kuazima. Mtu anapiga leo, filamu inasubiri ijae picha 36, inapelekwa Mbeya kusafishwa, na picha unazipata wiki ya tatu kama una bahati. Ukutani ipo ya bwana na bibi harusi walioshikilia redio kubwa kati yao kama mtoto. Picha ile ina nakala moja tu duniani. Negativu yake haipo.

Negativu zetu zimekwenda na maji. Kyela ni tambarare, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inashuka kwetu kutoka milimani, na kila mwaka mvua za Aprili na Mei zikikolea, maji huingia ndani ya nyumba. Boksi la negativu likikaa ndani ya maji kwa siku tatu ni takataka. Hata pasipo mafuriko, unyevu wa kwetu unatosha kuotesha ukungu juu ya filamu kabatini.

Linganisheni na Zanzibar. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Alipiga harusi, alipiga sherehe za Sultani, alipiga majahazi na vichochoro, na alizitunza negativu. Mwanawe Rohit akaendeleza kazi. Wageni waliokuja miongo mingi baadaye waliingia dukani na kununua picha nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya baba yake. Kwa lugha yetu ya hesabu, Oza aliandika faida yake ya miaka ya themanini na tisini siku aliyofunga boksi vizuri mwaka 1940. Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni la gharama ndogo: kabla ya mvua zijazo, vijana wawili wenye skana wapite nyumba kwa nyumba, wanakili picha na kuandika majina hapo hapo, mwenye picha akiwapo. Picha irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Hatuchukui picha ya mtu kwenda nayo mjini.

Kuhusu uuzaji, mwaka jana wapo waliopendekeza kalenda. Tuseme kalenda 1,000, kila moja kuchapwa kwa shilingi 4,000. Hizo ni shilingi 4,000,000 zinazotoka kabla hatujauza hata moja, na ikifika Machi kalenda iliyobaki ni ya kufungia vitumbua. Wapiga picha wakubwa wa dunia wamepata njia nyingine. Shirika la Magnum, lililoanzishwa mwaka 1947, huuza nakala ndogo za inchi sita kwa sita kwa bei moja, kwa siku chache tu, kisha dirisha linafungwa. Nasi tufanye hivyo: watu waagize na kulipa kwanza, tuchape idadi ile ile. Stoo haina mzigo, na mtunza stoo hana la kujieleza.

Tuchukulie picha moja iliyo kwenye fremu kwa shilingi 50,000. Kuchapa na fremu ni 15,000. Mpiga picha apate 10,000. Aliyepigwa, au familia yake, au kikundi chake kama wale akina mama wa vyungu, apate 5,000. Zinabaki 20,000 za bweni. Tukiuza 300, bweni linapata shilingi 6,000,000.

Tunajua manung'uniko yameanza huko nyuma. Kwenye kikao cha kamati yalikuwa makali zaidi. "Mpiga picha analipwa ya nini, si amebonyeza tu?" Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwa hiyo hilo hatuna haja ya kulijadili sana. Lakini hiyo 5,000 ya aliyepigwa haiko kwenye sheria hiyo, na ni sisi tunaoitaka. Kama mama wa Ikombe amepigwa picha miaka yote na watalii wa Matema bila kupata hata senti, haifai chama cha watoto wake kiwe mtalii mwingine.

La mwisho ndilo lililotugawa. Ipo picha ambayo hamuioni ukutani. Ni ya bibi kizee wakati wa mafuriko, maji yamemfika kiunoni, ameshika sufuria kichwani, analia. Ni picha nzuri mno kwa ufundi, hilo hakuna aliyelikataa. Wenzetu wawili walisema tuiweke kwenye jalada la kijarida hiki, kwa sababu anayeiona hawezi kufunga pochi. Kama ni kukusanya fedha tu, wana haki: picha ile ingeleta kuliko vyungu, kungu na redio vikichanganywa.

Tulimtafuta bibi mwenyewe. Yupo, ni mzima, na wajukuu zake walimwonyesha picha kwenye simu. Alicheka kwanza. Kisha akasema siku ile alikuwa anatoka kumwokoa kuku, na aliyepiga picha alikuwa amesimama mahali pakavu. Akaomba isitundikwe mahali ambapo wakwe zake watakuja kula wali. Tukaifunga. Wale wenzetu wawili hawakufurahi na bado wako kwenye kamati, wanakaa meza ya tatu, mnaweza kuwauliza, watawaeleza hoja yao vizuri kuliko sisi. Sisi tunashikilia kwamba fedha ya bweni ikipatikana kwa machozi ya mtu aliyekataa, hatutajua tuiandike kwenye fungu gani.

Badala yake alituruhusu tumpige upya. Ndiye yule wa namba 14, amekaa mlangoni kwake na kitenge cha kijani, kuku miguuni. Jina lake limeandikwa kamili chini, kama alivyotaka lisomeke, na jina la baba yake pia.

Fomu za kuagiza ziko meza ya usajili. Andika namba ya picha, idadi, na mahali pa kupelekewa. Malipo ni kwa namba ya Lipa ya chama au kwa mweka hazina, na usiondoke bila risiti, hata kama mweka hazina ni shemeji yako. Dirisha linafunguliwa leo na kufungwa siku ya kumi saa sita usiku. Mwenye picha ya nyumbani aliyeileta bila jina apite kwetu kabla ya kuondoka, tunayo kalamu. Ile ya harusi na redio nayo bado haina majina. Anayewatambua bwana na bibi harusi, tafadhali asogee mbele sasa hivi, kabla chakula hakijaanza.