Lori la Vita na Spea za Skrapu

(Hotuba iliyotolewa na mafundi wa kikundi kimoja cha vijana mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tueleze habari ya lile lori la jeshi, na hasa jinsi tulivyolitengeneza kwa spea za kuokotaokota. Tutaeleza. Lakini msitarajie maneno matamu, maana sisi ni watu wa grisi.

Kwanza mjue ni gari gani. Ni Chevrolet ya tani moja na nusu, inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliyotengenezwa Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanada ilitoa zaidi ya magari 800,000 ya jeshi katika vita ile, na sehemu kubwa yalikuwa ya aina hii. Ford walitengeneza kule Windsor na General Motors kule Oshawa, kwa mpango mmoja, hata kabini zikafanana kama mapacha. Usukani uko kulia kama tulivyozoea. Kioo cha mbele kinashangaza watu, kwa sababu kimeinama kinyume: juu kimetokeza mbele, chini kimeingia ndani. Siyo fundi alilewa. Kiliwekwa hivyo ili kisimulike jua na kumwonyesha rubani wa adui mahali gari lilipo.

Wazee wakiliona husema, ndilo hili lililokwenda Addis Ababa. Ni kweli malori ya Ford na Chevrolet yalibeba majeshi yaliyotoka Kenya mwaka 1941. Kismayu ilichukuliwa Februari 14, Mogadishu Februari 25, na Addis Ababa Aprili 6, na katika madereva walikuwamo vijana wa Afrika Mashariki. Lakini kabini hii ya kioo cha kuinama, ambayo wenyewe huiita namba 13, ilianza kutoka kiwandani baada ya safari ile. Kwa hiyo lori letu halikufika Addis. Tumewaambia wazee hivyo, na hawakufurahi.

Baada ya vita magari mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia. Hili lilifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Nanyuki, likanunuliwa na Mzee fulani wa kijiji chetu, likabeba mbao na viazi miaka mingi mpaka difu ya nyuma ikafa. Likaegeshwa chini ya mti. Kuku wakataga ndani ya kabini. Mzee alipofariki mwaka 2019, wanawe walileta mtu wa skrapu, akasema atalipa shilingi 30 kwa kilo, yaani kama shilingi 70,000 hivi. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema lori hilo ndilo lililosomesha watoto wale wale wanaotaka kulikata.

Hapo ndipo tulipoitwa. Na sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili ni kubwa kuliko injini. Kabla ya kugusa bolti moja tuliuliza: gari ni la nani? Logbuku ilikuwa ya jina la marehemu. Sheria ya urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na ni kosa la jinai. Hata kama mjane amekukaribisha kwa chai na kukuonyesha gari, bado. Basi Mama alianza na barua ya chifu, akaenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, tangazo likatoka katika gazeti la serikali, na baada ya miezi kama sita na zaidi akathibitishwa. Vijana wetu walilalamika kwamba wanacheleweshwa na makaratasi. Sisi tunasema afadhali makaratasi ya mwaka mmoja kuliko kesi ya miaka kumi.

Kisha tukaandika mapatano. Lori ni la Mama. Kikundi kinaweka daftari la saa za kazi na risiti zote. Likiuzwa, risiti zinarudishwa kwanza, halafu kinachobaki kinagawanywa mafungu matatu, mawili ya Mama na moja la kikundi. Wanawe wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Karani wetu ana nakala, na Mama ana yake ndani ya Biblia.

Sasa tuingie kwenye chuma. Injini ni ya silinda sita, nguvu za farasi 85, na ilikuwa imeshikana kabisa. Mtu mwenye haraka angechukua nyundo. Tulitoa plagi zote, tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili ndani ya kila silinda, tukaacha. Kila asubuhi kijana mmoja alikuja kutingisha kwa hendeli kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha. Siku ya 19 ikasogea kama upana wa kidole. Mlisikia kelele zile kijijini, siku hiyo ndiyo.

Bahati yetu ni kwamba injini hii haikuwa ya jeshi peke yake. Chevrolet waliitia katika magari na malori ya kawaida tangu 1937 hadi 1953, na hivyo spea za raia zinaingia. Tulipata injini nyingine ya namna hiyo iliyowahi kuzungusha kinu cha posho. Bloku yake ilikuwa imepasuka, lakini ilitupa pampu ya maji, manifoldi na distributa. Ndiyo maana tunawaambia, msitafute spea kwa kutazama umbo la gari. Ulizeni injini ile ile, gia boksi ile ile, ilifanya kazi gani nyingine duniani. Kinu cha posho, pampu ya maji shambani, mashine ya mbao.

Beringi za rodi zilitusumbua zaidi. Katika injini hii si vipande vya kununua dukani. Ni madini laini meupe yaliyomiminwa ndani ya rodi yenyewe. Oili haisukumwi kwa nguvu mpaka huko kama injini za siku hizi. Vijiko vidogo chini ya rodi huchota oili kila inapozunguka. Kwa hiyo ukiikanyaga sana, inakufa. Zikilegea kidogo unatoa vipande vyembamba vilivyowekwa kati ya kifuniko na rodi, kimoja kimoja, mpaka zishike vizuri. Nne tulizirekebisha hivyo. Mbili tulipeleka mjini kwa mzee mmoja anayejua kumimina, na tulikataa vijana wajaribu nyumbani, kwa sababu madini hayo huwa na risasi na moshi wake ni sumu.

Kutu tuliondoa kwa magadi. Ndiyo, akina mama, magadi yale yale ya kupikia maharagwe. Unajaza pipa la plastiki maji, unakoroga magadi, unaning'iniza kipande chenye kutu kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na kwenye waya chanya unaweka chuma kikuukuu cha kawaida, visigusane. Baada ya usiku mmoja kutu inalegea, unasugua kwa brashi. Msiweke chuma cha stenlesi upande wa chanya, kinatoa sumu ndani ya maji. Na kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu mapovu yale ni gesi inayolipuka. Bolti nyingi tulizitibu hivyo zikarudi kazini. Bolti zenyewe ni za inchi, na spana za milimita zinaharibu vichwa vyake. Tulizipanga kwenye makopo ya Kimbo yenye majina.

Yako mambo ambayo hatukukubali skrapu. Mipira ya breki, paipu za breki, tyubu na tairi: vyote vipya, hata kama mweka hazina alinuna. Gari lisilowaka halimuui mtu, lakini lisilosimama linaua. Na mkifungua breki za zamani msipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za miaka ile zilikuwa na asbestosi inayoharibu mapafu. Lowesheni kwa maji, mfute kwa kitambaa, mkizike kitambaa. Tangi la petroli nalo, hata likiwa tupu na limekauka miaka 20, lisichomelewe kabla ya kuoshwa na kujazwa maji mpaka karibu na tundu. Halafu rimu. Rimu za lori hili ni vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti kuzunguka. Kuna nati za kufunga gurudumu kwenye gari, na kuna nati za kushikilia vipande hivyo viwili. Ukifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka kama bomu. Toa vali kwanza, upepo wote uishe. Zetu tumezipaka rangi nyekundu, na mwanafunzi akizigusa bila ruhusa anakwenda nyumbani siku hiyo.

Habari ya kununua skrapu ina sheria yake. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya za stima na vyuma vya reli, ikafunguliwa Mei mwaka huo kwa masharti ya leseni. Miezi ile tulikaa tu tunapiga msasa. Tangu hapo hatununui kipande bila risiti yenye jina la muuzaji. Mara moja tuliletewa springi nzuri sana usiku, kwa bei ya chini. Tulimrudisha nazo. Springi za usiku zina mwenyewe.

Injini iliwaka mwaka 2023. Gia boksi haina msaada wa kulainisha gia, kwa hiyo dereva lazima akanyage klachi mara mbili kila anapobadilisha, na vijana wa matatu waliojaribu walituchekesha sana. Linakunywa petroli: lita moja kama kilomita tatu. Tusidanganyane, kwa kubeba viazi sokoni halilipi. Dizeli ndogo ya kisasa italishinda kila siku. Walioshauri tulitie injini ya dizeli tuliwajibu kwamba tutakuwa tumeharibu kitu kinachotafutwa ili tupate kitu kilichojaa kila mahali.

Lililopatikana hasa ni vijana saba. Walikuja hawajui spana. Watano sasa wana kazi katika gereji za mjini, na wawili wamebaki nasi. Daftari linaonyesha kwamba risiti zote hazijarudi bado. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi anayekusanya magari ya vita, akataja bei ambayo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya skrapu, lakini anataka kulipeleka ng'ambo. Kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema tuuze tununue mashine ya kuchomelea na kreni ya kunyanyulia injini. Wengine wanataka likae hapa likodishwe kwa harusi na kwa watu wa sinema. Mapatano yanasema neno la mwisho ni la Mama, na Mama amesema atajibu baada ya mavuno.

Lori lenyewe liko nje hapo chini ya mgrevilea. Mnaweza kulitazama wakati wa chai, ila msiguse zile nati nyekundu. Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.