Nani Atautoa Mpira Wavuni? Msimu wa Wachezaji Wabichi katika Shule Moja ya Mpumudde



Nimeombwa na semina hii ya walimu wa michezo nizungumzie namna ya kufundisha soka timu ya sekondari yenye wachezaji wasio na uzoefu. Naomba nianze na dakika moja ya mechi tuliyocheza muhula wa kwanza wa mwaka 2022, ugenini, hapahapa Jinja. Karibu yote niliyo nayo ya kuwaambia leo yametoka katika dakika hiyo.

Tulikuwa tumefungwa bao la kwanza, bao la kawaida kabisa. Ilipigwa kona, mabeki wetu wawili wakamkaba mtu mmoja, na aliyebaki peke yake akapiga kichwa. Wenzetu wakashangilia, wakarudi upande wao. Mpira ulikuwa bado umelala wavuni. Nikangoja mtu auendee. Kipa alikuwa amepiga magoti, anachuma majani. Mabeki walikuwa wakitazamana. Nahodha, kijana niliyemchagua kwa urefu wake na adabu yake, alikuwa amesimama kwenye duara la kati, macho kwangu. Nikatupa jicho kwa wengine, nao pia walikuwa wananitazama mimi. Mwishowe mshambuliaji wa timu pinzani ndiye aliyeingia golini kwetu, akautoa mpira, akauleta katikati ili mechi iendelee. Kabla ya mapumziko tulikuwa tumefungwa mengine matatu.

Usiku ule sikupata usingizi, na si kwa sababu ya mabao. Nilikuwa najiuliza: katika timu zangu za nyuma, nani alikuwa anautoa mpira wavuni? Nikakumbuka. Siku zote alikuwapo mmoja wa kidato cha tano au cha sita. Aliuchukua, akaubana kwapani, akatembea polepole, wala hakukimbia. Njiani alimpitia kipa akampiga bega, akampitia beki aliyekosea akamwambia neno moja. Akifika katikati, timu ilikuwa imeshapumua. Mimi mwalimu sikuwahi kumfundisha mtu jambo hilo hata siku moja. Walikuwa wakifundishana wenyewe, mkubwa kwa mdogo, mwaka hadi mwaka, nami nikidhani ni kazi ya mikono yangu.

Mnajua kilichotokea. Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona. Madarasa ya mitihani yaliitwa tena Oktoba mwaka huo, mengine yakaanza kurudi kwa zamu mwaka 2021, kisha Juni 2021 milango ikafungwa tena. Tulifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miezi 22, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko yetu. Wanafunzi milioni 15 hivi waliguswa. Yameandikwa mengi kuhusu hesabu na kusoma, na ni sawa yaandikwe. Kuhusu uwanja wa mpira sijaona aliyeandika, kwa hiyo niruhusuni nieleze nilivyoona.

Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Februari 2020 alikaa sekondari wiki chache tu kabla ya kufungwa. Kaka zake wa kidato cha nne na cha sita walirudi wakajisomea, wakafanya mitihani kati ya Machi na Mei 2021, wakaondoka. Hapakuwa na mazoezi wala mechi, na hata nafasi ya kuagana haikupatikana. Kwa kawaida sisi hupoteza kundi moja kwa mwaka na wanaobaki hulijua jumba. Safari hii waliondoka karibu wote waliolijua jumba, na wakaingia watu ambao hawakuwahi kuona hata mlango ukifunguliwa.

Kwa wageni wetu kutoka Kenya na Tanzania: Mpumudde, iliko shule yetu, ni mtaa wa Jinja, na jina lenyewe kwa Kiganda maana yake ni "nimepumzika". Hapa ndipo alipofia Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro, Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya uhamisho wa zaidi ya miaka ishirini Shelisheli. Huwa namkumbuka ninapofikiria mambo ya kurithishana: mzee aliyekaribia nyumbani na yote aliyoyaona, asifike.

Vijana wangu hawakuwa wamepumzika. Siku ya kwanza ya mazoezi walikuja arobaini na kitu, wengine wakiwa na ndevu. Wapo waliokuwa wakikata miwa upande wa Kakira, wapo waliokuwa wakivua na kuanika samaki Masese, wapo waliofyatua matofali, na wawili walikuja kwa pikipiki za kukodi walizokuwa wakiendesha wenyewe. Kipa niliyempata alikuwa fundi wa matofali. Nilipomshika mkono kumsalimia nilihisi kiganja kigumu kama kisigino. Mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umekwisha kazi, hautoki. Lakini alikuwa bubu golini. Krosi ikija anatoka kimya, beki naye anarudi nyuma kimya, wanagongana. Nilimweleza kuwa kipa lazima apige kelele "Gwange!", yaani mpira ni wangu. Akaitikia "ndiyo, Mwalimu", na Jumatano iliyofuata akatoka kimya vilevile. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba kijana huyu kwa karibu miaka miwili alikuwa akifanya kazi chini ya watu wazima ambao kwao anayepaza sauti ni mtovu wa adabu. Alikuwa na mikono ya kudaka. Ruhusa ya kuamrisha wenzake ndiyo aliyoikosa, na ruhusa hiyo mwalimu huwezi kuitoa ukiwa nje ya mstari.

Nakiri kwamba mwezi wa kwanza niliupoteza. Nilifundisha kama nilivyofundishwa kwenye kozi: koni, mbio, pasi fupi za pembetatu, kuanzisha mpira kutoka nyuma kama timu za Ulaya. Vijana walipenda, maana wakati wa kufungwa walikuwa wameangalia mpira mwingi kwenye simu. Walijua majina ya viungo wote wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mpira wa kurusha karibu na kibendera cha kona ulikuwa unawashinda, hawajui nani asimame wapi. Nilikuwa naongeza vyumba vya juu kwenye nyumba isiyo na msingi.

Jambo lililotuokoa lilitoka kwenye steji ya boda boda. Pale nje ya shule kuna waendesha pikipiki wanne waliopita mikononi mwangu, mmoja wao alikuwa beki wa kati kwa miaka mitatu. Jioni moja nilimwomba aingie kiwanjani na viatu vyake vya kazini, na nikamwekea sharti asiguse mpira: asimame nyuma ya mabeki wangu na aongee tu. Akaongea dakika arobaini. "Sogea. Usimtazame yeye, tazama kiuno chake. Kipa wao akiangalia kulia, wewe rudi hatua mbili. Sasa panda, pandeni wote, mwacheni aotee." Vijana walimsikiliza kwa namna ambayo hawajawahi kunisikiliza mimi. Mazoezi yalipokwisha hawakuondoka. Waliketi chini ya mwembe, yeye akawasimulia jinsi timu yao ilivyofungwa mabao sita na wiki ile ile ikarudi ikashinda. Mimi nilikwenda kufunga stoo nikawaacha. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumanne na Alhamisi, akiacha abiria, na akaja na wenzake. Tulichoweza kuwapa ni sahani ya posho, yaani ugali, na maharagwe.

Jambo la pili lilikuwa safari ya Mbale. Tulikodi teksi moja ya abiria kumi na wanne, tukapita Iganga na Tirinyi, tukaenda kucheza mechi ya kirafiki na shule ya huko. Wengi hawakuwahi kutoka Busoga. Walipoona majabali ya Wanale yamesimama juu ya mji walinyamaza wote. Tulilala kwenye darasa, mikeka imetandikwa chini ya ubao, mvua ikipiga mabati usiku kucha, na asubuhi kiwanja kilikuwa tope jekundu. Tulifungwa kwanza. Kipa wangu, yule wa matofali, akageuka mwenyewe, akauokota mpira, akautupa kwa nguvu hadi duara la kati huku akifoka. Haukuwa ule mwendo wa polepole wa kaka zake. Ulikuwa wa hasira na wa kujitungia. Lakini kelele ilikuwa imemtoka, na mechi ikaisha sare ya bao moja kwa moja.

Msimu wenyewe haukwenda mbali. Hatukuvuka hatua ya mashindano ya Jinja, na tulishinda mara chache. Nalitaja hili wazi kwa sababu mada nyingi za semina huishia kwenye kombe, na mwalimu anayerudi kwake mikono mitupu hudhani amekosea kila kitu.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ya timu bichi ni kutafuta wachezaji walioiva na kuwalipia karo. Mifano wanayo: St. Mary's Kitende na uhusiano wake na klabu ya Vipers, na huku kwetu mashariki shule za Bukedea zimeinuka haraka. Sizilaumu. Vijana wengi wa familia maskini wamesoma kwa njia hiyo. Jinja nako tumeona timu iliyobeba jina la shule, Kirinya-Jinja SS, ikicheza Ligi Kuu ya nchi kabla ya kuitwa Busoga United. Ila shule kama yangu, ya kutwa, inayohesabu mipira yake kwa vidole vya mkono mmoja, haiwezi kununua uzoefu. Tena naamini hata shule hizo kubwa nguvu yao haitokani na kipaji peke yake. Mtoto wa kidato cha kwanza pale hula meza moja na mchezaji wa kidato cha sita. Anamwona akifunga kamba za viatu, anamwona akilia baada ya kufungwa na kesho yake akirudi mazoezini. Hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji mwalimu alipange.

Tangu 2022 nimekuwa nikilipanga hivi. Kila tunaposafiri, viti viwili katika teksi ni vya watoto wa kidato cha kwanza. Hawachezi. Wanabeba maji, wanakaa benchi karibu na wachezaji wa akiba, wanalala kwenye mikeka pamoja na wengine. Mhasibu wa shule ananiuliza kila mara kwa nini nawalipia nauli watoto ambao hawachezi, na kila mara namweleza upya, kwa sababu ni swali la haki. Pili, tuna daftari. Mchezaji wa kidato cha nne au cha sita hapewi barua yake ya kumaliza shule kabla hajaandika humo ukurasa mmoja kwa mkono wake: nafasi yake uwanjani, kosa alilolifanya zaidi, na jambo analotaka atakayevaa jezi yake alijue. Kiingereza, Kisoga, Kiganda, Kiswahili, aandike apendavyo. Winga mmoja aliandika mistari mitatu tu, yote kuhusu sehemu ya kiwanja chetu ambapo mpira hudunda vibaya kwa sababu ya kichuguu cha zamani. Mistari hiyo mitatu imeshatupa mabao.

Mwaka 2024, muhula wa kwanza, tulifungwa tena kwa kona. Mtoto aliyekuwa mmoja wa wabeba maji wa kwanza, sasa kidato cha tatu, aliingia golini, akautoa mpira, akaubana kwapani, akatembea. Alimpitia kipa akamnong'oneza kitu. Nilipomuuliza baadaye alimwambia nini, alitazama chini, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya wachezaji." Sikuuliza tena.

Ombi langu kwa semina hii ni moja. Tunapopanga mashindano ya shule za Jinja na Mbale mwaka ujao, tukubaliane kwamba kila timu itakuja na wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza, na kwamba shule mwenyeji itawahesabu katika chakula na malazi kama wachezaji. Najua sufuria zetu. Watoto wawili kwa kila timu wataingia.

Daftari letu nimekuja nalo. Nimeliweka kwenye meza iliyo karibu na mlango. Lina kurasa thelathini na nne zilizoandikwa. Nimezifunika kwa karatasi sehemu zenye majina ya vijana, zilizobaki mnaweza kuzipiga picha wakati wa chai.