Nyamgondho na Kikongwe wa Ziwani
(Maneno ya hotuba kwa watu wa Osiri)



Hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare hapana mtu hapa asiyeijua, maana mahali penyewe, Nyandiwa katika nchi ya Gwassi, si mbali nasi. Kwa hiyo nitaisimulia kwa ufupi. Mvuvi maskini alivuta wavu, akaona amenasa kikongwe. Alitaka kumrudisha majini, lakini kikongwe akamsihi amchukue nyumbani, naye akamchukua. Tangu siku hiyo boma lake likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo, akaoa wake wengi. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana kikongwe kwamba ni kitu alichokiokota ziwani tu. Kulipopambazuka kikongwe akaondoka, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini. Nyamgondho akasimama ufukoni akiegemea fimbo yake, akageuka mti.

Watu wengi husema hadithi hii yatuonya juu ya pombe. Mimi naona pombe ni jambo dogo humo. Haikumpa Nyamgondho maneno yale, bali ilimfungulia mlango yatoke. Angalieni alivyotukana. Hakusema kikongwe ni mvivu wala mchawi, alimkumbusha wavu. Yaani wema alioutenda siku ile alikuwa ameuweka moyoni kama deni, akingoja siku ya kulidai.

Tena nadhani palikuwa na jambo jingine. Wake zake walimjua Nyamgondho tajiri. Katika boma lile lote ni kikongwe peke yake aliyekutana naye akiwa hana kitu. Mtu aliyeuona ufukara wetu ni vigumu kumsamehe, ingawa hakutukosea neno. Hapa Osiri, wanapochimba dhahabu, jambo hili si geni. Kijana akipata dhahabu nyingi kwa ghafula, huanza kumkwepa mama yule aliyekuwa akimpa uji kwa mkopo.

Na ng'ombe je? Kwa Wajaluo ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ndio mahari, na mahari ndiyo inayofunga ukoo na ukoo. Kwa hiyo walipozama, si mali tu iliyozama. Kwa jinsi nilivyosimuliwa, Nyamgondho aliwalilia ng'ombe wake, kikongwe hakumwita. Naye alikuwa mvuvi, maji ya ziwa ameyazoea tangu utoto, lakini alibaki pale pale ukingoni. Yule mti ulianza hapo, kabla miguu yake haijaota mizizi.

Ilinganisheni na hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Huko nako alifika kikongwe, watu wakiwa katika karamu, wakamfukuza. Mwanamke mmoja alimkaribisha, naye akaokoka kijiji kilipozama. Wale walimkosea mgeni wasiyemjua. Nyamgondho alimkosea mtu wa nyumbani mwake, na kwa maoni yangu kosa lake ni kubwa zaidi.

Wengine hunung'unika kwamba kikongwe alikuwa mkali mno. Mbona hakusamehe tusi la mlevi? Swali hilo ni la haki. Lakini kumbukeni kwamba alitukanwa usiku, wala hakuondoka usiku. Alikaa mpaka alfajiri, na usiku ule wote Nyamgondho alikuwa amelala.