Nguo Ikiharibiwa kwa Dobi, Nani Alipe?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mkutanoni)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni nguo zinazoharibika kwa dobi, hasa dobi wa draiklina, yule anayesafisha nguo kwa dawa pasipo maji. Sisi twasema jambo hili si dogo. Tajiri nguo yake ikiharibika, hufungua kabati akatoa nyingine. Mfanya kazi ana suti moja, na hiyo hiyo ndiyo ya arusi, ya matanga na ya kwenda kuomba kazi. Ikirudi imesinyaa au ina doa lisilotoka, ni mshahara wa siku nyingi uliopotea.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Dawa iliyotumiwa sana kwa miaka mingi katika mashine za draiklina huitwa perkloroethilini. Huondoa mafuta vizuri, lakini yaweza kuyeyusha gundi, vifungo vingine vya plastiki, na mapambo yaliyobandikwa. Kwa hiyo watengenezaji hushona kibandiko kidogo ndani ya nguo. Ukiona duara, maana yake nguo yaweza kupelekwa draiklina. Herufi P ndani ya duara huruhusu dawa hiyo tuliyoitaja. Herufi F huruhusu dawa za jamii ya petroli tu. Duara lililokatwa kwa mistari miwili ni katazo. Dobi ni fundi, na kusoma alama hizo ni sehemu ya ufundi wake. Asiposoma, kosa ni lake. Lakini kama alifuata kibandiko sawasawa na kibandiko chenyewe kilikuwa cha uwongo, basi dai lako liende kwa aliyekuuzia nguo.

Sasa tuje kwenye risiti. Nyuma yake, au ukutani dukani, mara nyingi pameandikwa kwamba nguo huachwa kwa hatari ya mwenyewe, na kwamba duka halitalipa hasara yo yote. Mwenzetu akisoma hayo huinamisha kichwa akaenda zake, akisema, mwenye nguvu mpishe. Ndugu zetu, msipishe. Karatasi ya duka si sheria ya nchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema kwamba mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Chini ya sheria hiyo mwenye kutoa huduma huhesabiwa kuwa amekuahidi ubora unaokubalika, hata kama hakutamka neno. Tena haki zilizowekwa humo hazifutwi na mapatano yo yote.

Liko na jambo la zamani kuliko sheria hizo. Nguo uliyomwachia dobi ni amana. Ukionyesha kwamba uliitoa nzima nayo ikarudi imeharibika, au haikurudi kabisa, ni juu ya dobi kueleza kwamba aliitunza inavyopasa. Si kazi yako kujua kilichotokea ndani ya mashine yake.

Kuna kesi moja ya Uingereza inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani huko iliamua shauri la mwanamke aliyepeleka nguo nyeupe ya arusi, yenye shanga na vipambo vinavyometa, kwa kampuni iliyoitwa Chemical Cleaning and Dyeing. Alipewa karatasi atie sahihi, naye akauliza ni ya nini. Mwuzaji akajibu kwamba kampuni haitalipa shanga na vipambo vikiharibika. Kumbe karatasi ilikataa kulipa hasara ya namna yo yote. Nguo ikarudi na doa. Kampuni ikaonyesha karatasi, lakini majaji wakakataa: waliomweleza vibaya maana ya karatasi hawawezi kujificha nyuma yake. Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu ya huko, lakini huweza kuitazama kama mwongozo. Nasi tujifunze kwa yule mama: uliza maana kabla ya kutia sahihi.

Basi mwanachama afanye nini?

1. Unapopeleka nguo, itazameni pamoja na mpokezi. Doa au tundu lililokuwapo liandikwe kwenye risiti. Ondoa kila kitu mifukoni.

2. Unapoichukua, ifungue pale pale. Ukiona hasara, sema kabla ya kuondoka, uipige picha, na utunze risiti.

3. Peleka barua kwa mwenye duka, si maneno matupu. Andika tarehe, hasara na kiasi unachodai, na ubaki na nakala. Uwe na haki katika hesabu: suti uliyonunua shilingi 12,000 ukaivaa miaka minne haidaiwi bei ya suti mpya.

4. Akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na baadaye zikafunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nawe waweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Sheria yataka shauri limalizike katika siku 60.

Ndugu wanachama, lipo neno moja ambalo chama cha wafanya kazi hakiwezi kuliacha. Yule anayekupokea kwenye kaunta, na yule anayesimama kutwa mbele ya pasi ya mvuke na kuvuta harufu ya dawa, ni wafanya kazi kama sisi. Usimtukane. Usimwambie akulipe kutoka mfukoni mwake. Dai lako ni juu ya mwenye duka, ambaye ndiye apokeaye faida.

Na wenye maduka wengine wana hila hii: mteja akilipwa, fedha hukatwa katika mshahara wa mpiga pasi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, haimpi mwajiri ruhusa hiyo ovyo. Kwa mali iliyoharibika au kupotea mikononi mwa mwajiri, aweza kukata kiasi cha haki tu, na ni pale mfanya kazi alipofanya kosa kwa kusudi. Pasi iliyounguza kwa sababu kipimo cha moto kimeharibika si kosa la kusudi. Mashine chakavu si kosa la kusudi. Uchovu wa mtu aliyepigishwa kazi saa nyingi si kosa la kusudi. Ye yote kati yenu aliyekatwa mshahara kwa njia hiyo na alete karatasi yake ya malipo kwa katibu wa tawi.

Hivyo mteja adai, na mpiga pasi asikatwe. Haki hizi mbili hazigombani. Mwenye duka akijua kwamba hasara itamrudia yeye, atanunua mashine nzuri, atafundisha watu wake, na nguo zetu zitarudi salama. Lakini tukinyamaza, hasara itaendelea kugawanywa kati ya masikini wawili, mmoja mbele ya kaunta na mwingine nyuma yake.

Waelezeni haya na wenzenu ambao hawakufika leo.