Mgawanyo wa Madaraka na Faida Yake kwa Mkulima



Nimeombwa niseme machache juu ya mgawanyo wa madaraka serikalini. Huenda mkulima akauliza, jambo hili lanihusu nini mimi na jembe langu? Lamhusu sana, kwani wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ikiwa mtu mmoja ndiye apimaye pamba, ndiye aandikaye daftari, na ndiye aamuaye malalamiko juu ya mizani, mwenye pamba hana pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, imegawa kazi za nchi mafungu matatu: utendaji, utungaji wa sheria na utoaji wa haki. Serikali hukusanya kodi, lakini ibara ya 138 yakataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge. Bunge hupitisha muswada, lakini hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Na katika kutoa haki, ibara ya 107A yaipa Mahakama kauli ya mwisho.

Tazameni mfano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana alipaswa kutimiza 18. Bi Rebeca Gyumi alifungua shauri, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vyapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Ijapokuwa Serikali ndiyo yenye polisi na hazina, haikuweza kujiamulia shauri lake yenyewe. Wala majaji hawakukifuta kitabu cha sheria kwa mkono wao. Waliiagiza Serikali irekebishe vifungu hivyo kwa muda wa mwaka mmoja, na kazi ya kubadili sheria ikabaki kuwa ya Bunge. Hukumu ya mhimili mmoja hungoja kazi ya mwingine, na hapo ndipo raia apaswapo kumwuliza mbunge wake.

Tena ukuta huu si mnene kila mahali. Mawaziri wetu huteuliwa miongoni mwa wabunge. Basi asimamiaye na asimamiwaye huketi ukumbi mmoja. Panapokuwa hivyo, macho ya wananchi hayana budi kuwa makali zaidi.

Ndugu wanachama, Chama chetu nacho kina mihimili yake. Mkutano Mkuu huamua, Bodi husimamia, Meneja na watumishi hutenda, na mkaguzi wa hesabu, asiye mmoja wao, hutoa taarifa. Bodi ikijikagua yenyewe, jasho lenu halina mlinzi. Na mwanachama asiyehudhuria Mkutano Mkuu, au ahudhuriaye asiulize neno juu ya taarifa ya hesabu, ameachia sehemu yake ya madaraka ichukuliwe na mwingine.

Tumetimiza miaka kumi. Tuingiapo ya pili, kila mmoja na ashike kazi yake, wala asishike ya mwenzake.